Ufukwe, Pango au Msitu: Wapi pa Kuanzia Kumfundisha Mtoto Mdogo Habari za Ardhi Mkoani Tanga

Mzazi anayeishi Tanga mjini na mwenye mtoto wa kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka minne ana bahati ambayo wazazi wa miji mingi hawana. Upande mmoja ana ufukwe wa Bahari ya Hindi wenye mchanga, mikoko na miamba ya matumbawe. Kilomita 8 hivi kaskazini mwa jiji yapo mapango ya Amboni, yaliyochongwa na maji ndani ya mwamba wa chokaa. Akipita Muheza na kupanda Usambara Mashariki anafika Amani, kwenye msitu wa mvua uliosimama juu ya miamba mikongwe kuliko yote ya pwani. Sehemu zote tatu zinafaa kumwonyesha mtu jinsi ardhi ilivyo na inavyofanya kazi, lakini hazifai kwa kiasi kimoja kwa mtu ambaye hajafikisha kimo cha mita moja, anayetembea dakika kumi kisha akakaa chini kuchunguza kizibo cha soda, na ambaye lazima alale mchana.

Binti yangu nimempeleka kote huko kabla hajatimiza miaka minne, na mpangilio niliofuata ulikuwa mbaya, kwa sababu nilianza na pango, ambalo ndilo lenye sifa kubwa zaidi. Ulinganisho huu umetokana na kosa hilo na safari zilizofuata, na ninauandika kwa ajili ya mzazi mwenye Jumamosi moja mkononi na nauli ya kuhesabu.

Ninapima kila mahali kwa maswali matatu. Je, mtoto anaweza kukishika kwa mikono yake kile anachofundishwa? Je, anaweza kukiona kitu kikibadilika kabla hajachoka, yaani ndani ya saa moja au mbili? Na je, mtu mzima anaweza kumwachia atangulie mwenyewe, bila kumshika mkono kila hatua? Swali la tatu ndilo ninalolipa uzito mkubwa zaidi. Mtoto aliyebebwa kwa mbeleko tangu mwanzo hadi mwisho wa safari amepata hewa safi, jambo ambalo si haba, lakini matembezi yamekuwa ya mama yake. Umri wa miamba katika mamilioni ya miaka haumo katika kipimo hiki, kwa kuwa kwa mtoto wa miaka miwili neno “jana” lenyewe bado ni zito. Tarakimu nitakazozitaja ni za mzazi, ili ajue anachomwonyesha mwanawe.

Ufukwe

Ufukwe unashinda kwa watoto walio chini ya miaka mitatu, na unashinda kwa mbali. Sababu kubwa ni maji kupwa na kujaa. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa takriban saa 24 na dakika 50, na nyakati za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita tatu. Hakuna kazi nyingine ya maumbile yenye ukubwa kama huo inayoanza na kwisha ndani ya muda ambao mtoto yuko macho. Mlima humomonyoka, pango hupanuka na udongo hutengenezwa, lakini hayo yote mtu huyaamini kwa kuambiwa. Bahari inayorudi huonekana kwa macho.

Watu wa pwani wanajua jambo jingine linalomfaa sana mzazi: katika mwambao wetu, siku za bamvua, maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Huo ndio wakati ambao mtoto amekwisha kunywa uji na bado hajaanza kusinzia. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, bahari haiondoki mbali na saa zake huwa mbaya, na safari ya siku hizo humpa mtoto mchanga wa kuchezea na si zaidi sana. Kwa hiyo anayechagua ufukwe atazame mwezi kabla ya kutazama nafasi yake ya kazi.

Mafunzo yenyewe hayahitaji chombo chochote. Mtoto akichimba shimo kwenye mchanga uliotoka kufunuliwa na maji, shimo hujaa maji kutoka chini, na hapo amekwisha kuona kwamba ndani ya ardhi mna maji, jambo lile lile linalofanya kisima kiwe kisima. Ukichomeka kijiti ukingoni mwa maji na kurudi baada ya nusu saa, kijiti kimebaki nchi kavu au kimezama, na mtoto mwenyewe atasema “maji yamekwenda” au “maji yamekuja” bila kufundishwa. Kiswahili nacho kimemsaidia mwalimu kwa kuwa na ngazi nzima ya ukubwa wa vipande vya ardhi: jabali, mwamba, jiwe, kokoto, changarawe, mchanga, tope. Wanajiolojia hupanga mashapo kwa ukubwa wa chembe kwa namna hiyo hiyo, na mtoto anaweza kuyapanga kwenye kanga iliyotandikwa, akianza na lile asiloweza kulinyanyua na kumalizia na lile linalopenya katikati ya vidole. Tope atalipata kwenye mikoko, maji yanapotulia, na mchanga ataupata panapopiga mawimbi. Ukimwachia akanyage pote pawili siku moja, miguu yake itajua tofauti hiyo kabla ya kichwa chake.

Asubuhi moja tulikuwa tumekwenda mbali kidogo kwenye uwanda ulioachwa na maji, na binti yangu alikuwa amechuchumaa juu ya kidimbwi chenye kaa mmoja mdogo. Bibi mmoja aliyekuwa akichokoa pweza alipita karibu nasi, nikamwamkia, akaitikia na kumwambia mtoto, “Mjukuu wangu, msikae sana hapo, maji yanarudi.” Mimi niliona bahari ileile, mbali na tulivu. Nilipomuuliza, “Bibi, umejuaje?”, aliinama na kutuonyesha mchanga: kwenye vitundu vya kaa, mapovu madogo yalikuwa yameanza kutoka moja moja, hewa ikisukumwa juu na maji yaliyokuwa yakipanda kwa chini. Binti yangu aliweka kidole juu ya kitundu kimoja, akahisi povu likimgusa, akacheka, akahamia kitundu kingine. Hadi leo tukifika ufukweni hutafuta mapovu kwanza. Alikuwa na miaka miwili na miezi mitatu, na somo lile, ambalo mimi mwenyewe sikulipata shuleni, lilimchukua kama dakika tano.

Miamba ya matumbawe iliyo nchi kavu ni hazina nyingine. Bahari ilikuwa juu kuliko sasa miaka 125,000 hivi iliyopita, na sehemu kubwa ya miamba hiyo katika mwambao wa Afrika Mashariki ni matumbawe ya enzi hiyo yaliyobaki juu maji yaliposhuka. Mtu akikaribia ataona ndani yake maganda ya chaza na konokono, na mtoto anaweza kulinganisha ganda lililo mwambani na lile aliloliokota mchangani dakika mbili zilizopita. Kwa wanaopenda kwenda mbali kidogo, magofu ya Tongoni, kusini mwa jiji kwenye njia ya Pangani, yana msikiti na makaburi ya karne nyingi yaliyojengwa kwa mawe hayo hayo. Humo mtoto huona bahari imekuwa jiwe na jiwe limekuwa ukuta, ingawa pale ni mahali pa wafu na adabu itangulie michezo.

Hatari za ufukwe ni za kweli, lakini zinaonekana na zinapangika. Matumbawe hukata, kwa hiyo mtoto avae raba za zamani na si kandambili. Wale viumbe wenye miiba mirefu myeusi hukaa kwenye vidimbwi vya miamba, na mkono usiingizwe mahali ambapo jicho halikufika. Maji yanaporudi hupitia kwanza kwenye mikondo ya chini na yanaweza kukuzunguka kwa nyuma, ndiyo maana ni vyema kugeuka kurudi mara tu maji yanapoacha kupwa. Baada ya mvua kubwa mifereji ya mji humwaga uchafu baharini, na siku hizo ni afadhali kubaki nyumbani. Konokono na kaa walio hai warudishwe walikotoka, na mtoto aone wakirudishwa.

Pango

Mapango ya Amboni yamo katika mwamba wa chokaa wa enzi ya Jurasiki, wenye umri wa takriban miaka milioni 150. Yanahesabiwa kumi, na moja tu ndilo linalotumika kwa wageni wakiongozwa na mwongozaji. Mvua inaponyesha, maji huchukua hewa ya ukaa angani na udongoni, yakawa na ukali kidogo wa siki, nayo hupenya kwenye nyufa na kuyeyusha chokaa polepole. Tone linaloning'inia darini huacha humo chembe ya chokaa, na tone likifuatwa na tone kwa maelfu ya miaka hutokea nguzo zilizoning'inia na nyingine zilizoota kutoka sakafuni, ambazo kukua kwake kwa mwaka ni chini ya milimita moja. Kwa mtu mzima au mtoto wa shule ya msingi, sioni mahali katika mkoa huu panapoweza kushindana na pale.

Kwa mtoto wa miaka miwili, kwa maoni yangu, pango ni mahali pabaya pa kuanzia. Karibu kila kinachoelezwa humo kimekwisha kutokea, na kisichokwisha kinatokea polepole mno kiasi cha kutoonekana. Kugusa nguzo hakufai, kwa kuwa mafuta ya mkono huziharibu, na kumwambia mtoto wa umri huo asiguse ni kumwambia asijifunze. Sakafu inateleza, mapito mengine ni ya kuinama au kutambaa, na mwanga ni wa tochi, hivyo mtoto hawezi kutangulia hata hatua moja. Popo nao wako wengi, na vumbi la mavi yao halifai kuvutwa na mapafu madogo. Waongozaji wana ustadi wa kuonyesha maumbo ya wanyama na vitu kwenye kuta, na wana hadithi za mzimu na za Osale Otango, aliyesakwa na wakoloni akajificha humo miaka ya 1950, lakini hayo ni ya masikio ya mtoto mkubwa kidogo kuliko wangu wa wakati ule.

Tulipoingia, mwongozaji alizima tochi kwa muda mfupi ili tulione giza lenyewe. Nilikuwa nimemwomba mimi, nikidhani litakuwa jambo la ajabu kwa mtoto. Alilia kwa namna ambayo hata mwanga uliporudi hakuacha, tukatoka kabla ya robo ya njia. Lakini tulipokuwa mlangoni tone moja la maji lilimwangukia kwenye paji la uso, akanyamaza, akatazama juu, akangoja jingine. Wiki nzima baadaye alikuwa akisimama chini ya bomba la uani lililokuwa likivuja, kiganja kimefunguliwa, akihesabu kwa namna yake ya moja, mbili, tano. Safari nzima ya Amboni kwake ilikuwa tone hilo, na tone lilikuwepo nyumbani.

Anayetaka kuandaa safari ya pango ya miaka ijayo anaweza kuanza jikoni. Ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika la kuchemshia maji ni chokaa iliyokuwa imeyeyuka majini, sawa na ile ya pangoni, na siki ikimiminwa juu yake au juu ya kipande cha ganda la chaza hutoa mapovu mbele ya macho ya mtoto. Pango lenyewe lingojee miaka mitano au sita. Mwenye haraka anaweza kuishia kwenye lango na kutembea nje, ambako mwamba unaonekana mchana kweupe.

Msitu

Amani ni jambo la kufikiria zaidi, kwa sababu mema yake ni mengi na safari yake ni ndefu. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilianzishwa mwaka 1997, lakini bustani ya mimea ya Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na bado miti iliyoletwa kutoka pande nyingi za dunia imesimama kando ya njia. Barabara kutoka Muheza ina kona nyingi, na wakati wa masika huteleza. Mtoto mwepesi wa kutapika garini atatapika, na safari ya kwenda na kurudi siku moja inamchosha hata yule ambaye hatapiki, kwa hiyo kwa heshima ya usingizi wa kila mtu napendekeza kulala huko usiku mmoja. Hapo ndipo gharama zinapopanda: nauli au mafuta, malazi, kiingilio na mwongozaji, wakati ufukwe haudai chochote zaidi ya maji ya kunywa na ndizi.

Miamba ya Usambara ni ya kale sana, iliyopikwa na kukandamizwa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kisha ikanyanyuliwa ardhi ilipopasuka na vipande vyake kupanda. Mtoto hahitaji kujua hayo ili aone mistari myeusi na myeupe kwenye jiwe la njiani, wala ulanga unaometameta kwenye mchanga wa kijito kama vipande vya kioo. Binti yangu aliupaka kwenye mashavu.

Somo bora la Amani, hata hivyo, liko chini ya miguu. Ukikaa mahali pamoja na kupekua majani yaliyoanguka, unaweza kumpangia mtoto safu: jani bichi, jani la kahawia, jani lililobaki mishipa mitupu kama wavu, na mwisho gao la udongo mweusi unaonukia mvua. Ukichimba kidogo zaidi unakuta udongo mwekundu uliotokana na mwamba uliooza. Safu hiyo ni kazi ya miezi na miaka, lakini hatua zake zote zipo mahali pamoja kwa wakati mmoja, na kwa njia hiyo msitu unajibu swali langu la pili kwa hila ambayo pango haliwezi. Jongoo, konokono na uyoga ndio wafanyakazi, na mtoto wa miaka mitatu huwaelewa kuwa ni wafanyakazi. Anaweza pia kutangulia njiani, kwani njia nyingi karibu na bustani ni pana, mradi mkubwa mmoja awe karibu yake akiangalia siafu na upupu. Nguo za mikono mirefu na soksi zilizovutwa juu ya suruali zinatosha kwa sehemu kubwa, pamoja na chandarua usiku.

Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota ua dogo la zambarau ambalo leo linauzwa kwenye vyungu duniani kote kwa jina la Saintpaulia, na alilikuta kwenye nyufa za miamba ya chokaa karibu na Tanga na pia kwenye msitu wa Usambara. Ua hilo linapenda kivuli na unyevu wa mwambani, na kulitafuta kwa macho bila kulichuma ni mchezo unaomfaa mtoto wa miaka minne. Wa miaka miwili atalichuma.

Kinachounganisha sehemu hizi tatu ni maji, nayo ndiyo yaliyonifanya niache kuziona kama safari tatu tofauti. Upepo wa Bahari ya Hindi hubeba unyevu, ukigonga Usambara hupanda na kupoa, na mvua hunyesha Amani. Mto Zigi hukusanya maji hayo na kuyashusha, ukapita karibu na nchi ya mapango, ukaingia baharini kaskazini mwa jiji. Njiani, kwenye bwawa la Mabayani, huchotwa maji ya bomba ya Tanga. Kwa hiyo lile tone la bomba la uani lilikuwa limetoka msituni, na mtoto aliyewahi kutumbukiza miguu kwenye kijito cha Zigi anaweza kuambiwa hivyo akiwa anaoga, naye atasadiki kwa sababu anakijua kijito.

Nikishauri kwa umri, mtoto wa mwaka mmoja na nusu hadi mitatu aende ufukweni, tena na tena mahali pale pale, kwa sababu kurudia ndiko kunakomwonyesha kwamba kuna jambo linalobadilika na jingine lisilobadilika. Kuanzia miaka mitatu, na familia ikiwa na uwezo wa kulala, Amani inastahili safari moja katika miezi mikavu ya Juni hadi Septemba au Januari na Februari. Mwenye watoto wawili, mmoja wa miaka miwili na mwingine wa saba, asijaribu kuwaridhisha wote pangoni. Mzazi mmoja aingie na mkubwa, mwingine abaki nje na mdogo, kisha kesho yake wote waende baharini.

Na kwa anayetaka kuanza mwezi huu, kazi ni ndogo: atafute siku mbili au tatu baada ya mwezi mpevu, aone kama mojawapo inaangukia mwisho wa wiki, na afike ufukweni saa tatu na nusu asubuhi, bahari ikiwa bado inaondoka. Achukue kofia, raba, kijiti kimoja na kanga ya pili iliyo kavu.